Msimu Niliokaa Shambani Bila Kulima

Assalamu alaikum, dada zangu. Bi Mwenyekiti ameniambia nisimame, nimesimama. Ameniambia pia nipaze sauti kwa sababu walio nyuma wana watoto. Basi asiyenisikia ainue mkono, asipige kelele.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Nimewaona wenzangu wakisimama hapa kutoa ushuhuda, na wengi wao hulia. Mimi sitolia. Si kwamba sina machozi. Ndivyo nilivyozaliwa. Hata siku ya harusi yangu shangazi zangu walinifinya ili nilie, nikawauliza, jamani, mwanifinyia nini? Kwa hivyo aliyekuja na leso ya kupangusia machozi airudishe mkobani. Nitaeleza yaliyonifika, mutasikiliza, tutakunywa chai, kila mtu atakwenda zake.

Na jina la mtu sitolitaja. Siyu ni ndogo, najua mutawajua wote ninaowasema. Lakini mdomo wangu hautakuwa umewataja.

Mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, aliniacha na watoto watatu na shamba la mboga. Nikisema shamba musije mukafikiria kitu kikubwa. Mtu akisimama huku na mwenzake kule, wanaweza kusengenya watu bila kupaza sauti. Lakini lina kisima, na ndicho kilichokuwa kikitulisha. Shamba lenyewe lilitoka kwa mavyaa yangu, yaani mama yake mume wangu, naye alilirithi kwa babake. Karatasi hakuna. Mpaka wake ni mnazi, na jiwe, na maneno ya watu.

Na sharti lake mwalijua. Ardhi ya ukoo ni ya anayeilima. Ukiiacha nyasi zikakufika kiunoni, yeyote katika ukoo ana haki ya kuja kusema hili limeshakuwa pori, nipeni mimi. Na atapewa. Hapana ubaya wowote, ndivyo tulivyokuta mambo.

Mimi sikuliacha hata siku moja. Mchicha ukitoka, natia bamia. Bamia zikitoka, natia bilingani. Kaka yangu wa Mombasa akaniletea mashine ya kuvuta maji, ile ya petroli, akasema dada pumzisha mikono. Nikapumzisha. Mashine ikinguruma asubuhi, shamba zima limelowa kabla sijamaliza kunywa chai. Kulikuwa na dada mmoja wa bara akinunua mboga kwangu, akizipeleka kwa mashua ya asubuhi hadi kwenye mahoteli ya Ras Kitau. Simtaji. Yuko hapa. Musimtazame basi, mutamfanya aone haya.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho kila mtu wa kisiwa hiki anakijua tangu akinyonya. Maji matamu ya visima vyetu yamekaa juu tu. Chini yake ni maji ya chumvi. Ukiteka kwa ndoo, ndoo hii leo na ndoo ile kesho, yale matamu yanapata nafasi ya kurudi. Ukivuta kwa mashine, unayamaliza matamu na unayaita yale ya chini yapande. Mimi nililijua hilo. Babangu alilijua, babu yangu alilijua. Lakini mashine ilikuwa mpya na mboga zilikuwa zikitakiwa, na mimi nilikuwa na watoto watatu.

Ukaanza mchicha. Majani yaliungua pembeni kama yaliyopitishwa kwenye moto. Nikafikiri ni jua. Zikafuata bilingani, zikatoa maua, maua yakaanguka, basi. Kisha udongo wenyewe ukaota weupe juu, kama mtu aliyemwaga unga akasahau kuufagia.

Mavyaa akaja kutazama. Akatazama, akavuta pumzi, akasema, "Hilo ni jito la mtu." Akakumbuka kuna mama mmoja alipita akazisifu bilingani zangu bila kusema mashaallah. Akaniagiza nifukize ubani pembe zote nne za shamba, na fuvu la mbuzi nilitundike juu ya mti. Mavyaa ukimbishia huna raha mwezi mzima. Nikafukiza, nikatundika. Mchicha ukanukia vizuri, ukafa.

Chekeni, hata mimi nacheka leo. Siku zile sikucheka. Niliogopa sana. Nilikuwa nikiwatazama watoto wakila, nahesabu kimoyomoyo kile kilichobaki kwenye sufuria.

Nililijua vipi tatizo? Kwa chai. Yule dada wa bara alikuja kunitazama, kwa sababu alikuwa hapati mzigo kwangu. Nikamkaribisha pale pale shambani, nina kibanda changu cha makuti. Nikateka maji kisimani, nikapika chai, nikamtilia kikombe. Akanywa funda moja. Akalishikilia mdomoni. Nikaona macho yake yanatafuta pa kutemea, na adabu inamkataza. Mwisho akameza, akasema, "Mama, hii umeweka chumvi ama?"

Nikamwambia nimetia sukari. Nikanywa yangu. Kwangu mimi ilikuwa chai tu. Nikampa binti yangu akaonja, naye akasema ni chai tu. Dada akasema, "Hapana, hii ni ya chumvi kabisa, mko sawa kweli?"

Ndipo nikafahamu. Maji yalikuwa yamegeuka kidogo kidogo, na sisi tulikuwa tukiyanywa kidogo kidogo, ndimi zetu zikayazoea. Mtu wa nje kwa funda moja alikitambua kile sisi tulichokuwa tukikinywa kila siku. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukosea. Siku hiyo hiyo nilizima mashine. Nikaliteremsha na lile fuvu la mbuzi, maana lilikuwa likiwatisha kuku bure.

Dawa yake, dada zangu, haina uganga. Kisima unakiacha. Udongo unauacha. Hupandi, hupalilii, nyasi unaziacha zote zifunike ardhi, na unangoja mvua ya mwaka ije iioshe ile chumvi. Msimu mzima. Kila mkulima wa hapa angenieleza hivyo, na mimi mwenyewe ningemweleza mwenzangu. Kujua dawa hakukuwa tatizo langu.

Tatizo langu ni lile sharti. Shamba likilala, nyasi zitaota. Nyasi zikiota, limekuwa pori. Na shemeji yangu alikuwa akilitazama.

Shemeji, nduguye marehemu, si mtu mbaya. Nawaomba musimfanye mbaya mukitoka hapa. Ana watoto wengi kunishinda, ana punda wake wa kubebea mizigo, na nyumba yao imewabana. Alitaka pale ajenge. Nyasi zilipofika magotini akaitisha kikao nyumbani kwa mavyaa. Akasema kwa utaratibu, "Mama, lile shamba halina mtu. Shemeji ameliacha. Mimi nina haja nalo."

Nikasema sijaliacha, nimelilaza. Akauliza, tofauti yake ni nini? Na kweli, ukilitazama kwa macho, hakukuwa na tofauti. Nyasi ni nyasi. Nilijua nikilikosa lile shamba, nitaondoka Siyu na watoto nikawapikie watu Lamu mjini, na watoto nitawaacha kwa nani?

Mavyaa alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, tukadhani amesinzia. Akafumbua jicho moja. Akasema, "Mimi siyafa bado, mwanigawia nti yangu." Nti ni ardhi, namweleza dada wa bara. Akasema, "Shamba la mtu ni pale alipo. Huyu akiwapo pale kila siku, ni lake, alime asilime. Siku moya mukikuta pale hapana mtu, wewe lichukue."

Shemeji akakubali haraka. Alijua, na mimi nilijua, hakuna mtu mwenye watoto anayeweza kukaa shambani kila siku ya Mungu bila kuwa na la kufanya.

Basi nikaenda kukaa. Asubuhi natoka na birika langu na mzigo wa miyaa ya kusukia mikeka, napita ndia ile ile, nafika kibandani, nakaa. Nasuka ukili. Jioni narudi. Kesho vile vile. Nawaambia, kwa mkulima hakuna adhabu kubwa kuliko kukaa mbele ya magugu ukayaacha. Mikono ilikuwa ikiniwasha. Siku za mwanzo niling'oa mawili matatu kwa siri, kisha nikaona haya, nikayarudishia udongo.

Watu walinitania. Wakipita wanauliza, "Bi, mikeka imeshaota?" Nawajibu bado, nangojea mvua. Mwingine akaniuliza kama nataka aniletee kitanda. Nikamwambia alete na godoro.

Na tulikula nini? Hilo ndilo ninalolitaka mulisikie. Nikifika asubuhi, nakuta mlangoni mwa ua wa kibanda changu pamewekwa kitu. Fungu la kisamvu. Nazi. Siku nyingine bamia zimefungwa kwa jani la mgomba. Sikujua nani aliyeweka. Mulikuwa munapita alfajiri kabla yangu, sivyo? Sasa mwainama mwatazama vidole. Kilichopungua tulikinunua kwa fedha ya mikeka niliyokuwa nikiisuka, na Alhamdulillah hapana mtoto wangu aliyelala na njaa.

Mvua ikaja. Ilinyesha hadi kibanda kikavuja pande zote, nikawa nakaa katikati na ukili mapajani. Nyasi zikanifika kiunoni. Nilikuwa nikionja maji ya kisima kila asubuhi, lakini ulimi wangu nilikuwa siuamini tena.

Ndipo nikashikwa na homa. Usiku mzima nilitetemeka, asubuhi nikainuka nikavaa buibui, nikachukua birika. Nilifika mlangoni. Binti yangu mkubwa anasema nilianguka kama gunia, na birika likavingirika hadi barabarani. Akanirudisha kitandani. Sikumtuma mtu kwenda shambani, kwa sababu sikuwa na akili ya kumtuma mtu. Nilichokumbuka ni kimoja tu: leo hapana mtu kule. Nililisema hilo mara nyingi, watoto wakadhani naweweseka.

Yaliyotokea shambani niliyasikia baadaye. Mama mmoja, ambaye mlango wake unatazama ile ndia ninayopita, hakuniona kupita. Na mama huyo, mukitaka kujua, ni yule yule tuliyemsingizia kuwa jicho lake liliua bilingani zangu. Alikuwa amelisikia hilo, maana hapa maneno hayana mlango. Angeweza kuketi kwake akanywa uji. Akachukua miyaa yake, akaenda kukaa kibandani pangu. Njiani akampigia hodi mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Adhuhuri ilipofika kibanda hakikuwa na nafasi ya kuku, na mvua inawamwagikia mgongoni, na wote wanaendeleza ukili wa mkeka wangu.

Shemeji akafika. Alikuwa amesikia kuwa mimi naumwa. Alikuja na jembe begani, na punda amebeba fito za kuzungushia ua. Akasimama pale mvuani. Akawasalimia, wakamuitikia. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Mmoja akamjibu bila kuinua kichwa, "Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Si ndipo hapa tulipokaa?"

Shemeji hakubisha. Akamgeuza punda, akaenda moja kwa moja kwa mavyaa. Binti yangu wa pili alikuwa kule anamkanda bibi yake miguu, ndiye aliyeyasikia. Shemeji akasema, "Mama, leo hakuwapo." Mavyaa akamuuliza, "Ulikuta watu?" Akasema, "Niliwakuta." Mavyaa akamuuliza, "Watu wa nani?"

Binti anasema baba yake mdogo alijikamua maji kwenye ndevu. Kisha akasema, "Wake."

Mavyaa akasema, "Basi." Akamwambia binti aendelee na mguu wa pili.

Nilipoelezwa hayo nilikuwa nimeanza kupata nafuu, nimeletewa uji. Niligeukia ukutani. Sikulia, nimeshawaambia mimi silii. Lakini uji niliuacha ukapoa. Nilifurahi, dada zangu. Tangu mume wangu azikwe sikuwa nimefurahi namna ile, na niliona aibu kidogo, kwa sababu sikuwa nimezoea.

Nilirudi kibandani miguu ikiwa bado haina nguvu. Mvua zilipokuwa zinamalizika, shemeji alikuja tena. Mara hii bila jembe. Akasimama nje ya ua, nje kabisa, akapiga hodi. Mwenye shamba ndiye anayepigiwa hodi, mwajua. Akasema, "Shemeji, nyasi zako ni nzuri. Naomba punda wangu waje wale."

Alisema nyasi zako. Alisema naomba. Nikamwambia karibu, walete. Punda wakala zile nyasi kwa raha zao, wakaniachia samadi ambayo nisingeipata kokote. Fito zile alizokuja nazo siku ya mvua alinipa, ndizo zilizozunguka shamba langu hadi leo. Na nyumba yake ameiongeza kwa nyuma, tulikwenda sote kumsaidia kubeba mawe.

Nilipotaka kulima, sikuuamini ulimi wangu. Nikamwita yule dada wa bara. Nikampikia chai kwa maji ya kisima kile kile, nikamtilia kikombe kile kile, nikamkalia mbele namtazama mdomo. Akanywa. Akanywa tena. Nikamuuliza, je? Akasema, "Mama, sukari ni kidogo." Nikamwambia sukari nitaongeza, nieleze chumvi. Akasema, "Chumvi gani?"

Kesho yake nikatia mchicha. Sasa nateka kwa ndoo. Mashine ipo nyumbani, kuku hulala juu yake. Na nimeligawa shamba mapande mawili, moja likifanya kazi la pili linalala, ili nisifike tena pale nilipofika. Mboga si nyingi kama zile za kwanza, lakini zinatutosha, na dada huyu hurudi Ras Kitau na mzigo wake bila kununa.

Sasa shukrani, maana Bi Mwenyekiti ameanza kutazama saa. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru mavyaa, ambaye leo hakuja kwa sababu anasema mikutano yetu ina maneno mengi. Namshukuru aliyeonja chai yangu akasema kweli. Namshukuru mama wa mlango wa ndiani. Nilishakwenda kwake nikamuomba radhi, akaniambia bilingani zenyewe hazikuwa nzuri kiasi hicho, alizisifu kwa adabu tu. Na nyinyi mulioweka kisamvu kwenye ua wangu, hadi leo sijui nimshukuru nani, basi gawaneni.

Na funzo. Mutasema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini hilo mulilijua kabla sijasimama. Langu mimi ni dogo zaidi. Ardhi kulala si kazi, hulala yenyewe. Kazi ni mwenye ardhi apate mtu wa kumkalia macho wakati imelala. Tunaogopa kupumzisha mashamba yetu kwa sababu tunaogopana. Mimi nilipata watu wa kukaa, ndio maana nimesimama hapa, sipiki jikoni mwa mtu huko Lamu.

Huo mkeka mulioukalia hapo mbele ndio niliousuka msimu ule. Utazameni katikati. Kuna ukili umekaza, mwingine umelegea, mwingine umekwenda kombo kabisa. Kila mmoja na mkono wake. Hapo ndipo siku ile ya homa. Wateja wawili wameutaka, nimekataa kuuza, na ule wa kombo nimekataa kuufumua.

La mwisho. Kati yetu hapa yuko dada ambaye mchicha wake umeanza kuungua pembeni. Nimepita kwake, nimeona na ule weupe juu ya udongo. Anaogopa kulilaza shamba kwa sababu ya ami zake mume wake. Simtaji. Amevaa buibui jeusi, kama sisi sote. Dada, lilaze. Tumeshakubaliana na Bi Mwenyekiti, tutakaa kwa zamu, na Jumamosi zamu ya kwanza ni yangu. Birika ninalo, limebonyea pale lilipoanguka lakini halivuji. Anayetaka kuja aje na miyaa yake. Na akija mtu akasimama nje ya ua akauliza mwenyewe yuko wapi, mimi najua la kumjibu.